Karatasi ya Ukutani

Sudi aliigonga kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani kwa Shemsa, fundi cherehani. Ilikuwa na anwani ambayo wateja walimlipia bitkoini, pesa ya mtandaoni.

"Shemeji, daftari la bitkoini li wazi kwa wote; kila kinachoingia na kutoka humu nakiona kwenye simu. Juzi umelipa anwani ngeni; najua ni nyumba ya wageni ulikomficha mke wangu. Nao hubandika anwani zao ukutani. Nimezunguka saba nikilinganisha, zimebaki tatu. Dada yako nikimpata, safari hii hatoroki tena."

"Karibu tena, shemeji," Shemsa alijibu, mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

Sudi alipotoka tu, Shemsa akampigia dada yake. "Hama sasa hivi. Utakakofikia nitalipa kwa anwani asiyoijua."

Akafungua pochi mpya ya bitkoini kwenye simu. Mteja wa kwanza akapewa anwani yake ya kulipia, wa pili nyingine kabisa.

"Mbona kila mtu na yake?" aliuliza huyo wa pili.

"Kwani nguo nawakatia kipimo kimoja?"

Ile karatasi hakuibandua. Jioni, kwa anwani ya zamani, alilipia chumba kitupu cha nyumba ya wageni inayotangaza anwani yake mtandaoni, katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima. Kisha akatunga uzi sindanoni, akasubiri Sudi asafiri.