Pete Ndani ya Shaba

"We fundi, una wazimu? Kiungo cha jana unakikata cha nini?"

Msimamizi alimpigia kelele fundi umeme kutoka juu. Fundi alikuwa shimoni, magoti kwenye tope, msumeno wa chuma mkononi, anakata kazi aliyojisifia mwenyewe jana: nyaya mbili nene za shaba zilizochomelewa zikawa kitu kimoja.

"Pete yangu ya ndoa imo humu," akasema bila kuacha kukata.

Msimamizi alicheka mpaka akashika tumbo. Alipomtazama usoni, akachuchumaa ukingoni mwa shimo.

Jamani, mitihani mingine! Mafundi wa kazi hii huvua pete kabla ya kushika nyaya, na yeye yake huiweka mfuko wa shati. Jana aliinama akamimina unga wa kuchomelea kwenye kalibu iliyozibana nyaya, akauwasha, moto ukafoka, shaba ikayeyuka na kuunga. Moto ule ukishashika hauzimiki, uumwagie maji usiumwagie.

Leo asubuhi mkewe alikuwa anaanika lile shati la jana.

"Baba watoto, pete iko wapi?"

Fundi akapapasa mfuko uliolowa. Mtupu.

"Kila siku unaivua. Unamvulia nani?"

"Kazi, mke wangu. Si nakwambia kila siku?"

"Basi jioni urudi nayo. La sivyo utanikuta nimefunga mizigo."

Amepekua sanduku la vifaa. Amechambua tope la shimo kwa vidole. Hamna. Ikabaki kalibu tu: pete iliteleza alipoinama, ikaingia na unga.

"Hata ukipasua huioni," msimamizi akasema taratibu. "Imeshayeyuka, ndugu yangu. Na kwa wakubwa sitaweza kukutetea."

"Najua." Akaendelea kukata, machozi yanamtoka kama mtoto.

Jioni aliliweka bonge la shaba mezani. Begi la mkewe lilikuwa mlangoni.

"Imo humu. Haki ya Mungu, imo humu!"

Mke akalinyanyua bonge, akalipima uzito, akalirudisha. Kisha akafungua kiganja cha pili. Pete ilikuwa pale, nzima, inanukia sabuni.

"Niliitoa mfukoni jana nikiloweka shati. Nilitaka nisikie utasema nini." Akainama kushika begi. "Ungesema imepotea, ningekusamehe. Lakini uongo wa kukatwa kwa msumeno, baba watoto, huo sijapata kuuona."