Sajini Nyuma ya Koplo

Mbio zilikuwa zimeshavuka kituo cha mafuta Koplo alipogeuka tena, na Sajini bado alikuwa nyuma yake. Hatua ishirini, si zaidi. Mtaa mzima ulikuwa barabarani, wanene kwa wembamba, wengine wakikimbia, wengine wakijikokota na kucheka, wote na fulana nyeupe za kuchangia askari wastaafu waliopoteza miguu vitani. Lakini yule mtu hakuwa na macho kwa mwingine ila yeye.

"Baba, punguza," binti yake alimwambia. "Hizi ni mbio za hisani. Nani anakukimbiza?"

Binti alikuwa muuguzi. Mgongoni mwa fulana yake alikuwa ameandika kwa wino mzito: BABA YANGU ALIPIGANA.

"Nimezoea mwendo wa jeshini," Koplo alisema.

Jeshini hakuwahi kufika hata getini. Alikuwa fundi viatu tangu ujana, na mguu ule wa kuchechemea aliuvunja alipoanguka kutoka juu ya lori la vitunguu. Uongo aliutoa siku alipokwenda kumchumbia mama wa huyu binti, mkwe alipomuuliza kijana una nini cha kujivunia. Akasema, nimetoka vitani. Akapewa mke. Mkwe akafariki, mke naye akafariki, uongo ukabaki unakua pamoja na mtoto. Mtoto alilazwa kwa hadithi za mahandaki. Alipokwenda kusomea uuguzi, alisema ni kwa ajili ya mguu wa baba.

Miaka yote hiyo mtaani hapakuwa na askari mwingine wa kumhoji. Kisha, miezi mitatu iliyopita, akahamia Sajini: mrefu, mkimya, macho makavu, akapanga chumba nyuma ya duka la mikate. Tangu hapo Koplo alinunua mkate mtaa wa pili.

Leo hapakuwa na pa kukwepea. Kamati ilikuwa imewanunulia wote wawili bereti mpya, na imetangaza kwamba kwenye mstari wa mwisho mashujaa hao watasimama pamoja mbele ya kipaza sauti, kila mmoja ataje kikosi chake na vita vyake, kisha wapigiane saluti. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Ya Koplo ilikuwa kilomita tano, na tatu zilikuwa zimeshakwisha.

Akageuka. Bereti ya Sajini ilikuwa imelalia kushoto. Yake yeye imelalia kulia. Kijasho chembamba kikamtoka. Akajifanya anajifuta uso, akaisukuma ikalalia kushoto. Alipotazama tena, ya Sajini imelalia kulia.

Ananicheza shere, Koplo aliwaza. Paka huchezea panya kabla hajamla.

Penye meza ya maji binti alisimama kumfunga bandeji mama mmoja aliyeteguka kifundo. Koplo akachukua bilauri. Hajainywa, mkono ukamshika bega.

"Koplo."

"Sajini."

"Tuzungumze kabla hatujafika kule." Sajini alikuwa akihema kama pampu ya baiskeli. "Mimi na wewe tunajua kinachongoja pale kwenye kipaza sauti."

"Sijui unasema nini."

"Unajua. Tangu siku ile tulipotazamana pale dukani hujanisogelea tena. Mimi si mjinga, kaka." Vidole vilizidi kubana. "Nataka tuelewane tu. Asiumbuke mtu mbele ya watoto wa watu."

"Niache!"

Maji yakamwagika. Koplo akakimbia na mguu wake mbovu kama mtu aliyeona moto, akiwapita akina mama, akimpita mwalimu mkuu, akiwapita waliomshangilia, "Huyo! Damu ya jeshi hiyo!" Mbele kipaza sauti kilishaanza kuunguruma: "Wako wapi mashujaa wetu?" Aligeuka na hakumwona Sajini, na hilo likamtia hofu zaidi. Bila shaka amekata njia ya mkato ili awahi kufika, awe wa kwanza kusema.

Binti akamfikia, akamkamata kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo.

"Baba, umebadilika rangi. Kifua kinauma?"

"Mwanangu." Zilibaki hatua mia mbili, labda. "Sikuwahi kuwa askari. Hata siku moja. Sajini ameshanijua. Bora usikie kwangu kuliko usikie kule."

Vidole vya binti vilibaki pale pale juu ya mshipa.

"Na mguu?"

"Lori. La vitunguu."

Akamwachia mkono.

Binti alimaliza mbio peke yake, fulana ameigeuza ndani nje, na hakukanyaga kwa baba yake kwa miezi minne. Koplo alifika wa mwisho kabisa, akashika kipaza sauti na kusema mwenyewe. Wachache walizomea, wengi walinyamaza. Siku hizi wanamwita Fundi, na viatu bado wanamletea. Michango ilitosha miguu ya bandia sita. Sajini hakufika mwisho wa mbio. Alikatia kona penye meza ya maji, akafunga mizigo yake, akamwachia mwenye duka la mikate funguo na ujumbe: "Mwambie Koplo naondoka mwenyewe, asinitaje pale jukwaani. Askari wa kweli humdanganyi. Mimi nilikuwa mpishi wa shule."