Fungu la Wazee Lililowekwa Kileleni

Walikuwapo kima wa mkuyu mmoja, wakakubaliana kwamba kila msimu wa matunda fungu moja liwe la wazee. Wakamteua Chakupewa aligawe. Naye akaliweka kileleni, akatangaza, "Mzee mwenye shida aje mwenyewe. Hatumwi mtu."

Bi Sikitu alikuwa na magoti mabovu, lakini alijikongoja asubuhi nzima mpaka akafika.

"Nimefuata changu, mjukuu wangu."

"Bibi, mti wote huu umeupanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi bado una nguvu. Hili ni fungu la wazee."

Bi Sikitu akashuka, akawakuta shinani wenzake wasioweza kupanda kabisa. Kuhusu hao nao, Chakupewa alisema, "Hawajaja, maana yake wameshiba."

Makuyu yalizidi kuiva, na chakula kuoza ni dhambi, kwa hiyo akayala yeye. Akanenepa, hata siku moja tawi likaanza kulia chini yake, na kushuka hawezi.

"Bibi," akaita, "nitumie vijana wanishushe."

Bi Sikitu akainua uso. "Mwenye shida huja mwenyewe, mjukuu wangu. Shuka kwanza, uje hapa uombe kushushwa."

"Nikiweza kushuka, nitaomba nini tena?"

"Hata mimi nilishuka nikijiuliza hivyo hivyo."

Ndipo Bi Sikitu akawatuma vijana, akawaagiza wakimshusha yeye, washushe na makuyu yaliyobaki.