Mgeni Mwenye Mlango Mgongoni

Kitendawili! Nina mlango, sina nyumba. Haya, ni nani huyo?

Mgeni aliyebeba mlango mgongoni aliwatega hivyo hivyo watu wa sokoni, wakashindwa wote. Bi Mashavu, muuza vitumbua, alicheka mpaka machozi.

"Basi nipeni mji," akasema mgeni, maana ndiyo desturi ya vitendawili.

"Chukua ule wa ng'ambo ya mlima," akadakia mchinjaji, "tena uende leo leo!"

Lo! Miguu ya mgeni ikatoweka, viatu vikabaki vitupu. Watu wakashangilia, wakidhani ni mazingaombwe.

"Huko walinifukuza. Nipeni mwingine."

"Chukua wa jangwani!"

Kiwiliwili nacho kikafutika. Kichwa na mlango vikabaki vinaelea.

"Huko pia walinifukuza. Nipeni mji, jamani."

 Bi Mashavu akaona macho yale yanaanza kufifia. Mbona hakuna anayejibu? Akaruka jiko lake, akaukumbatia mlango kwa mikono yenye mafuta.

"Chukua huu wetu, mwanangu! Huu hapa, chukua!"

Pale vumbini, kiatu kimoja kikasogea.