Gati Lisilo Kwenye Ratiba

Siku hizi meli za matembezi hazibebi mgonjwa. Sakafu yenyewe humtambua anayepepesuka, naye hushushwa kwenye gati la karibu. Walioshushwa hawarudi upesi. Wengine hawarudi kabisa. Kwa hiyo tangu bahari ichafuke, Bi Mwanahawa alimshika mumewe, Athmani, kiunoni kila walipotoka chumbani, ili isijulikane kwamba kichefuchefu kimemlegeza miguu.

Asubuhi moja injini zilinyamaza. Nje ya dirisha palikuwa na gati la saruji, bila mji wala mti.

"Wamenijia," Athmani alisema.

Mhudumu alibisha hodi, akaingia kwa adabu. "Shikamoo, mama. Sakafu inaonyesha ni wewe unayelemea upande mmoja kila mnapotembea. Tafadhali twende."

Mwanahawa alimgeukia mumewe, akamngoja aseme ukweli. Athmani alikaa kitandani, akaitazama mikono yake.

"Nenda nao tu, mke wangu," alisema taratibu. "Nitakupigia tukifika."

Mwanahawa alijitanda mtandio, akashuka. Pale gatini alisimama wima, bila kuyumba hata kidogo, akaiangalia meli ikiondoka.