Fulana Saba za Roboti Mgema

Fulana ya tano Mwambire aliikuta mwilini mwa Trizah, msusi wa mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, aliyekuwa amesimama nyuma ya mteja, chanuo kwenye meno.

"Shikamoo mzee," Trizah alisema. "Nimesikia unazifuata moja moja. Ukitaka kuichoma hii, basi unichome nami nikiwa ndani."

Mteja akacheka. Mwambire hakucheka. Aliinama akaitazama picha: roboti ya chuma imekwea mnazi, kibuyu cha tembo kiunoni, kisu mkononi, jicho moja linawaka kama taa ya pikipiki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Mwambire naye alikuwa mgema, na wa kwake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

"Ni hii hii uliyopewa? Hukuwahi kumwazima mtu?"

"Naivua siku ya kuifua tu."

"Ahsante," alisema mzee, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa.

"Si ukae upumzike kidogo? Haraka ya nini?"

"Nimepewa hadi kesho saa sita." Alipewa na nani, hakusema.

Fulana zenyewe zilikuwa saba. Mchoraji alikuwa Nicholas, mwanawe wa pekee. Yeye na wenzake sita walipenda filamu za roboti na za safari za nyota kuliko walivyopenda kula, na kila Jumamosi walizivaa kwenda kutazama pamoja. Siku Nicholas alipofika na yake nyumbani Vitengeni, Mwambire aliviona vile vidole vitatu akadhani anachezwa shere. "Umenifanya mashine ya kuchekwa na watoto wa mjini," alisema, na akaapa mbele ya majirani kwamba atazichoma zote saba. Nicholas alitoka na fulana yake mwilini, na huu ulikuwa mwezi wa tatu hajaonekana. Simu yake haikuita tena.

Gharib, mchapaji wa Malindi mjini, alimhakikishia kwamba hapakuwa na nyingine. Kitambaa chake cha kuchapia kilipasuka baada ya ile ya saba. Mwambire alimwuliza mara nne, mpaka Gharib akachoka. "Mzee wangu, ningekuwa na ya nane ningeivaa mimi."

Basi ya Nicholas alikuwa nayo Nicholas, na tano alishaziona. Ilibaki moja, ya Ishaq wa Matsangoni.

Alifika huko jua la saa tisa. Ishaq alikuwa barazani kwa mama yake akitengeneza simu za watu. Alipomwona mgeni, bisibisi ilimponyoka.

"Shikamoo, baba Nicholas."

"Marahaba. Fulana yako ya roboti iko wapi?"

"Sinayo. Nilimpa mtu."

Mwambire akakaa chini bila kukaribishwa. "Mtu gani?"

"Mpita njia tu. Alilowa mvua, nikamhurumia."

"Kijana?"

"Kijana, ndiyo."

"Mrefu?"

"Mrefu."

"Akashuka pwani?"

"Akashuka pwani," alisema Ishaq, macho kwenye simu aliyoifungua.

Mwambire alivuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani. Aliomba maji. Alikunywa kata nzima, akaomba nyingine, na maji yakammwagikia kidevuni asijali. Kisha akacheka, meno yote nje.

"Mwanangu, Mungu akupe umri. Hujui ulilonifanyia."

Mama yake Ishaq, Bi Swabra, alikuwa mlangoni na mkungu wa ndizi mbichi mkononi. Aliuweka chini.

"Ishaq. Nenda ndani ukalete."

"Muache, mama," alisema Mwambire upesi. "Kijana ameshasema."

"Hajasema kitu. Anadhani umekuja kuichoma, ndiyo maana anakuongopea. Ishaq, mtu mzima anakuombea dua juani, nawe unampa uongo? Nenda."

"Mama, nakuomba, muache." Mwambire alikuwa ameushika mguu wa stuli ya Ishaq, kama atakayeizuia isiinuke.

Lakini Ishaq alishainuka. Alirudi na fulana imekunjwa vizuri, imepigwa pasi, ina harufu ya udi wa sanduku. Aliiweka kwenye mapaja ya mzee kwa mikono miwili.

"Nisamehe, baba. Niliogopa. Lakini Nicholas hakukucheka. Alituambia anataka uwe wa chuma, usije ukaanguka mnazini."

Mwambire aliikunjua. Aliviweka vidole vyake vitatu juu ya vile vitatu, kimoja kimoja, akaviacha hapo muda mrefu.

"Ichukue iwe yako," alisema Ishaq. "Naye atarudi tu. Hasira za Niko hazidumu."

Mzee alitoa mfukoni karatasi iliyopigwa muhuri, imechakaa mikunjoni, na simu ndogo ya vibonyezo. "Nibonyezee namba hiyo ya chini. Macho yangu hayaoni."

Ishaq alibonyeza. Iliita mara mbili, ikapokewa.

"Ni mimi, mzee wa Vitengeni niliyekuja juzi," Mwambire alisema. "Yule mliyemtoa baharini, asiye na uso, mwenye fulana ya roboti. Kesho msimzike na wale wasio na wenyewe. Nimezihesabu zote. Ni wangu."