Shahidi Aliyeletwa na Askari

Mshonaji alipanda kizimbani na futi ya kupimia nguo bado shingoni, maana askari walimtoa kwenye cherehani.

"Umeitwa mara mbili, ukajificha," alisema hakimu. "Unajua kukaidi wito wa mahakama ni kifungo?"

"Najua, mheshimiwa. Askari wamenieleza njia nzima."

Watu wakacheka. Mshonaji akainama, akaisokota futi kidoleni. Tangu utoto, mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe.

Upande wa pili alisimama mwokaji mikate, aliyeshtakiwa kwa kuvunja duka la jirani. Alikuwa amekonda. Alishasema siku ile alikuwa kwa mshonaji, ila hakuna aliyemwamini. Mkewe alikaa benchi la mbele, mikono kifuani.

"Haya, binti. Duka lilipovunjwa, huyu alikuwa wapi?"

Mshonaji akaiachia futi. Aibu haijaua mtu, akajiambia.

"Kwangu, mheshimiwa. Suruali yake ilipasuka nyuma. Nilipokuwa naishona, yeye alisimama nyuma ya mlango, amejifunga mapazia ya mteja. Yale ya maua."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwokaji akaziba uso kwa viganja. Mkewe akapiga vigelegele mpaka karani akamkemea.

"Na kosa lako la kukaidi wito," alisema hakimu, akijifuta macho, "tutalisikiliza sasa hivi. Usitoke."

"Sitoki, mheshimiwa," akajibu mshonaji, kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma.